Sura ya Tano: Nazi Iliyokwenda, Muhogo Uliokuja

Niliingia Hopkins usiku, kwa hiyo kijiji nilikijua kwanza kwa masikio. Usiku kucha nilisikia mawimbi mafupi yakipiga mchanga hatua chache kutoka kitandani pangu, na upepo ukipekua makuti. Alfajiri ikaja sauti niliyoizoea tangu utotoni, sauti ya mchi ukishuka kinuni, kwa pigo zito lisilo na haraka. Nikavaa kandambili nikaifuata.

Uani kwa jirani mama mmoja wa makamo alikuwa akitwanga ndizi mzuzu zilizochemshwa, mbichi na zilizoanza kuiva zikiwa pamoja, katika kinu cha mti kilichomfika kiunoni. Binti yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anakuna nazi. Hakuwa na mbuzi kama ya kwetu Tanga. Alishika kikwaruzo cha bati na kuisugua nyama ya nazi juu yake. Lakini yaliyofuata ningeyafanya hata nimefumba macho: alitia maji ya uvuguvugu, akakamua kasimile, akaiweka kando, akarudia kukamua tui jepesi, kisha machicha akawatupia kuku. Jikoni samaki wa jamii ya kungu alikuwa akisubiri tui lake. Chakula hicho Wagarifuna, wenyeji wa kijiji hiki, hukiita hudut, na anayekila huimega ndizi kwa vidole na kuichovya kwenye mchuzi, kama tunavyomega ugali.

Nilikuwa nimevuka bahari mbili nikajikuta jikoni kwa bibi yangu. Sura hii inaeleza kwa nini ilikuwa hivyo, na kwa nini naamini kwamba anayetaka kuziona mali asili za pwani ya Karibi aanzie jikoni mwa vijiji vyake vidogo. Misitu, mikoko na matumbawe ya upande ule havikujitunza vyenyewe. Sehemu kubwa ya uhai wake imeshikwa na watu wanaojua nini huliwa, lini huliwa, na lini huachwa.

Chungu kimoja

Hopkins ni kijiji cha pwani ya kusini ya Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati yenye watu takriban 400,000, iliyopata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 21 Septemba 1981. Ukitoka Belmopan, mji mkuu, unapanda basi ambalo zamani lilibeba wanafunzi Marekani, unakata milima yenye michungwa na misitu hadi karibu na Dangriga, halafu unashika barabara ya kusini. Kijijini kwenyewe njia kuu ni moja, sambamba na ufuko. Nyumba nyingi za zamani ni za mbao na zimeinuliwa juu ya nguzo, upepo upite chini na maji ya dhoruba yapite bila kubisha hodi.

Msafiri hutazama minazi ya ufukweni akadhani imeota hapo tangu dunia iumbwe. Mwaka 2011 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi zaidi ya 1,300 kutoka pande zote za dunia, wakakuta koo mbili kubwa: ukoo wa Pasifiki na ukoo wa Bahari ya Hindi. Minazi ya upande wa Atlantiki, pamoja na ile ya Karibi, inatokana na ukoo wa Bahari ya Hindi. Ni Wareno walioibeba kutoka upande wetu baada ya kuizunguka Afrika, na katika karne ya 16 ikaota kwenye visiwa vya Karibi. Ndizi nazo zilitoka Asia, zikazoea Afrika, ndipo zikavuka Atlantiki.

Muhogo ulikwenda kinyume. Asili yake ni nchi za Amazoni, Amerika ya Kusini. Wareno hao hao waliuvusha hadi Afrika katika karne ya 16, na baadaye ukafika pwani yetu. Nazi ilikwenda, muhogo ukaja. Leo mtu wa Pemba ataapa kwamba muhogo wa nazi ni chakula cha wazee wake, na mtu wa Hopkins ataapa vivyo hivyo kwa samaki wa tui. Wote wawili wana haki, kwani chakula huwa cha wenyeji kwa mikono inayokipika vizazi hadi vizazi.

Muhogo wa Wagarifuna aghalabu ni ule mchungu, wenye sumu ya sianidi. Kwetu muhogo mchungu hulowekwa, huvundikwa na kuanikwa juani ukawa makopa. Wao wana ufundi mwingine, waliourithi kwa wenyeji wa kale wa visiwa. Muhogo hukunwa juu ya egi, ubao uliopachikwa vijiwe vyenye makali. Kinachopatikana hutiwa ndani ya ruguma, mfuko mrefu mwembamba wa kusuka unaofanana na nyoka. Ruguma hutundikwa juu, na ncha ya chini hufungwa gogo ambalo watu hulikalia. Uzito wao unauvuta mfuko, mfuko unajinyonga, na maji yenye sumu yanachuruzika chini. Unga ukishakauka huchekechwa, kisha hutandazwa juu ya bati pana la moto. Hapo hutoka ereba, mkate mkavu, mweupe, mwembamba, unaokaa miezi bila kuharibika. Ni kazi ya wanawake wengi kwa pamoja. Mmoja peke yake hawezi kuimaliza, na hata akiweza, hakuna atakayemwimbia.

Waliobeba mbegu

Wagarifuna walitoka kisiwa cha St. Vincent, ambacho wenyewe hukiita Yurumein. Huko Waafrika waliookoka katika ajali za meli na waliotoroka utumwa walichanganyika na Wakaribi na Waarawaki wenyeji. Ikazaliwa jamii yenye sura ya Afrika, lugha ya jamii ya Kiarawaki na jiko la pande zote mbili. Waliikataa mikono ya wakoloni kwa silaha. Kiongozi wao Joseph Chatoyer aliuawa mwezi Machi 1795, na mwaka uliofuata Waingereza wakaishinda vita.

Kilichofuata ni adhabu juu ya taifa zima. Zaidi ya watu 4,000 walikusanywa na kutupwa Baliceaux, kisiwa kidogo kisicho na maji ya kutosha, na karibu nusu yao wakafa katika miezi michache. Waliobaki walipakiwa merikebuni, na mwezi Aprili 1797 takriban 2,000 wakashushwa Roatán, ng'ambo ya pwani ya Honduras. Kutoka hapo walitawanyika kwa mitumbwi kufuata pwani ya Honduras, Guatemala, Nicaragua na Belize. Wagarifuna husimulia kwamba wanawake waliificha mihogo ndani ya nguo zao wakati wa safari ile, na jasho la miili yao ndilo lililoihifadhi ikiwa hai.

Kila tarehe 19 Novemba Belize nzima hupumzika kukumbuka kufika kwao kwa wingi mwaka 1832. Sherehe hiyo ilianzishwa Dangriga mwaka 1941 na Thomas Vincent Ramos, mwalimu na mtetezi wa watu wake, na tangu 1977 ni sikukuu ya taifa. Alfajiri mitumbwi hutokea baharini imepambwa makuti, imebeba ngoma, ndizi na mihogo. Watu wa nchi kavu huingia majini kuipokea. Niliposimuliwa hayo nilielewa kwa nini nyumba za vijiji hivi zimegeukia bahari: bahari ndiyo iliyowaleta, na ndiyo waliyoiachia wafu wa Baliceaux.

Hopkins chenyewe ni kijiji kipya. Kilianza mwaka 1942, baada ya kimbunga cha mwaka uliotangulia kukifuta kijiji cha Newtown, kaskazini kidogo. Kikapewa jina la askofu Frederick Hopkins, aliyekufa maji mwaka 1923. Ndiyo tabia ya vijiji vya ukanda huu: kimbunga hung'oa, watu hukusanya mbao, hujenga tena mahali palipo na maji ya kunywa na bandari ya mtumbwi.

Kutoka jagwa hadi matumbawe

Simama ufukweni Hopkins, ipe bahari kisogo. Nyuma ya kijiji kuna ardhi oevu na vinamasi, nyuma yake mashamba ya michungwa, na nyuma ya hayo Milima ya Maya, ya buluu asubuhi na ya kijivu mvua ikikaribia. Geuka. Mbele yako, kwa mwendo usiofika saa moja kwa boti ya mashine, kuna visiwa vya mchanga na mwamba wa matumbawe. Si pengi duniani ambapo mtu anaweza kuona nyayo za jagwa, paka mkubwa wa misitu ya Amerika, asubuhi na kuogelea juu ya matumbawe jioni.

Nyayo za jagwa nilizionea Cockscomb. Serikali ilipiga marufuku uwindaji katika bonde hilo mwaka 1984, na mwaka 1986 ikatenga hapo hifadhi ya kwanza duniani iliyowekwa kwa ajili ya jagwa, baada ya utafiti wa Alan Rabinowitz, mtaalamu wa wanyama kutoka Marekani. Unyayo ulikuwa kwenye tope la njia, mpana kama kiganja changu, maji yakiwa bado yanajaa ndani yake. Mwenye nyayo hatukumwona, na wengi hawamwoni. Lakini msitu mzima ulibadilika kwa kujua kwamba yumo.

Hifadhi ile ilikuwa na gharama, na gharama hiyo walilipa Wamaya waliokuwa wakilima bondeni. Walilazimika kuhamia Maya Centre, kijiji kilichoko mlangoni pa msitu. Leo wengi wa waongozaji wanatoka hapo, na akina mama wao huuza kazi za mikono kando ya barabara. Mwongozaji wangu alinionyesha mti wa kutibu homa na mzabibu wa kukata kiu. Kila jambo alilonieleza alilipata kwa babu yake aliyelima humo. Nikamlipa ujira wake nikijua kwamba ninalipia elimu iliyofukuzwa msituni ikarudi kwa mlango mwingine.

Kati ya mlima na bahari kuna mikoko. Mkoko mwekundu wa Karibi si jamii hasa ya ule wa Rufiji au Lamu, lakini ni ndugu wa damu: una mizizi ile ile ya kusimama majini kama miguu ya korongo, na mbegu ile ile inayochipua ikiwa bado juu ya mti mamake, kisha ikaanguka na kujichoma topeni. Ndani ya mizizi hiyo samaki wa matumbawe hulelewa wakiwa wadogo, na nguva wa Karibi, binamu wa nguva wetu, hupita polepole kula nyasi za bahari. Usiku usio na mwezi tuliingia kwa mtumbwi katika wangwa wa Anderson, karibu na kijiji. Kila pigo la kasia liliwasha maji. Viumbe visivyoonekana kwa jicho hutoa mwanga vikitikiswa, na samaki aliyekimbia chini yetu aliandika mstari wa kijani kibichi gizani. Hakuna aliyesema neno.

Mwamba wa matumbawe wa Belize una urefu wa kilomita zipatazo 300 na ni sehemu ya safu inayokaribia kilomita 1,000, kutoka Mexico hadi Honduras. Ni miongoni mwa miamba ya kizuizi mirefu zaidi duniani. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1996.

Kusini, mbele ya kijiji cha Placencia, mwamba unafanya kona inayoitwa Gladden Spit, na baada ya kona hiyo bahari inadidimia ghafla. Siku chache baada ya mwezi mpevu, hasa Aprili na Mei, makungu wakubwa hukusanyika hapo kwa maelfu jua likizama na kumwaga mayai. Maji huwa meupe kama yametiwa tui. Ndipo papa potwe huja, samaki mkubwa kuliko wote duniani, akafungua kinywa na kuchuja mayai. Wavuvi wa Placencia walilijua jambo hili muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndio waliowaongoza watafiti hadi mahali penyewe, na mwaka 2000 eneo likatangazwa hifadhi ya bahari. Mtu wa Mafia hahitaji kuelezwa papa potwe ni nani. Huja Kilindoni kila mwaka, kuanzia Oktoba. Jambo la kushika ni hili: kitovu cha uhai wa bahari nzima kilikuwa kimehifadhiwa kwanza katika vichwa vya wavuvi, kwa kuhesabu mwezi.

Waliokataa mafuta

Mwaka 2009 mwamba huo uliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, kwa sababu ya kukatwa kwa mikoko, kuuzwa kwa ardhi za pwani, na hofu ya uchimbaji wa mafuta baharini. Mwezi Februari 2012 asasi za kiraia ziliandaa kura ya wananchi isiyo ya kiserikali. Karibu watu 30,000 walijitokeza, na 96 katika kila 100 wakasema mafuta ya baharini yasichimbwe. Kura ile haikuwa na nguvu ya kisheria, lakini hakuna aliyeweza kujifanya hakuisikia. Mwishoni mwa 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamisha shughuli za mafuta katika bahari yote ya Belize, na mwezi Juni 2018 mwamba ukaondolewa kwenye orodha ya hatari.

Nchi ndogo, yenye madeni, ilikataa fedha ambazo zingeweza kuwepo ili ibaki na kile ilichonacho. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi nikitazama ramani za vitalu vya mafuta na gesi za bahari yetu.

Si kila kitu kinapigiwa kura. Tangu 2011 mwani wa rangi ya kahawia, unaoelea kutoka katikati ya Atlantiki, hufika Karibi kwa mafungu makubwa. Ukikwama ufukweni Hopkins huoza na kunuka kama mayai viza, na wanakijiji huamka na reki na toroli. Minazi nayo ilishambuliwa na ugonjwa wa kunyauka uliofika Belize miaka ya 1990. Unafanana na ule uliotuulia minazi Tanzania, hasa kusini ya Bagamoyo.

Kilichoniumiza zaidi nilikiona Monkey River, kijiji cha Wakrioli mwishoni mwa mto wenye kima wanaonguruma hadi kifua cha msikilizaji kikatetemeka. Mwaka 2001 kimbunga Iris kilikivunja. Kikajengwa tena, lakini bahari haikuacha kula. Mchanga unaoletwa na mto hautoshi kujaza unaochukuliwa na mawimbi. Nyumba zimeondoka, na sehemu ya makaburi imeondoka. Mzee mmoja alinionyesha kwa kidole mahali palipokuwa uwanja wa mpira. Kidole chake kilielekea majini.

Namna ya kuingia kijijini

Miezi mikavu ni Februari hadi Mei. Vimbunga huwezekana kuanzia Juni hadi Novemba. Kamba koche na yule konokono mkubwa mwenye kombe la rangi ya waridi wana majira yao ya kufungwa kwa sheria, wapate kuzaliana. Uliza kabla ya kuagiza, na ukiona wanauzwa majira yakiwa yamefungwa, usinunue, hata kama muuzaji ana watoto wanaokutazama. Kwa Belize mwongozaji lazima awe na leseni. Tafuta aliyezaliwa kijijini, kwa sababu pesa yake italala pale pale. Lala kwenye nyumba ya mwenyeji ikiwezekana, na kula kwa mama anayepika mlangoni kwake.

Ngoma zitapigwa. Utasikia segunda ikishika mwendo na primero ikizungumza juu yake, na watoto wa miaka minne wakicheza punta bila kufundishwa. Hizo unakaribishwa. Lakini ipo ibada ya dügü, ya kuwaita na kuwalisha wahenga, ambayo familia huitisha kwa shida zake. Hiyo haiombwi kama tiketi. Ukialikwa, nenda kama unavyokwenda msibani, kimya na mikono mitupu ya kamera.

Jifunze salamu. Asubuhi husema "buiti binafi", shukrani ni "seremein". Maneno hayo yana thamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1980 Andy Palacio, kijana wa Barranco, kijiji cha kusini kabisa, alikwenda Nicaragua kufundisha watu kusoma. Akakuta Wagarifuna ambao kati yao ni wazee wachache tu waliobaki wakiijua lugha. Alirudi nyumbani akiwa ameona kesho ya watu wake, akaamua kuimba kwa Kigarifuna. Mwaka 2001 UNESCO ilitangaza lugha, ngoma na muziki wa Wagarifuna kuwa urithi wa wanadamu wote. Mwaka 2007 albamu yake Wátina ikausikilizisha ulimwengu. Alifariki Januari 2008, akiwa na miaka 47. Lugha ikifa, majina ya samaki, ya miti na ya pepo hufa nayo, na mtoto aliyebaki hana tena neno la kumwambia kwamba leo si siku ya kutega.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga mama wa kinu. Aliniuliza kwetu tunakula nini. Nikamwambia wali, samaki, muhogo, nazi. Akacheka kwa furaha. "Sasa umekuja mbali hivi kufanya nini, mwanangu?" Akanifungia ereba nne kwenye gazeti.

Wiki tatu baadaye nilizifungua Tanga, barazani. Hazikuwa na ukungu wala harufu. Bibi yangu alichukua moja, akaivunja, akaisikiliza ikivunjika, akaiweka mdomoni na kuiacha ilainike, maana meno yamekwisha. Sikuwa nimemwambia kitu.

"Huu ni muhogo," alisema. Akakigeuzageuza kipande mwangani. "Ni nani hao waliokaa wakaukuna laini namna hii?"